Matundu Yalilingana

Nilianza pale kwenye kituo cha kupiga mbizi nikiosha suti. Zile suti nyeusi za mpira wanazovaa wapiga mbizi zilikuwa zikirudi zimejaa chumvi na mchanga na, kusema kweli, mikojo ya wageni. Nilizitumbukiza katika pipa la maji baridi, nikazisukasuka, nikazianika nyuma ya jengo. Nilikuwa nikitoka kwetu Ziwa la Ng'ombe asubuhi kwa miguu mpaka ufukwe wa Bamburi, na jioni nikirudi na vidole vimekunjamana kama vya bibi kizee.

Hakuna aliyenifundisha kazi ya vyombo kwa makusudi. Nilijifunza kwa kumtazama mpiga mbizi mkuu wa kituo, mwanamume wa Likoni aliyenizidi miaka kumi hivi, mtu wa ukoo wa zamani aliyesema "wanyamaa" pale ambapo sisi wengine husema "unanyamaza". Nilimwita kaka, naye akaniita dada. Kwa watu alikuwa mpole sana. Kwa vyombo alikuwa mkali, na hakuchoka. Alipoona nimeanza kuokota vipande bila kuambiwa na kuvirudisha mahali pake sawasawa, alimwambia mwenye kituo nitolewe kwenye pipa niwekwe stoo. Mwenye kituo, mama mmoja wa kutoka bara aliyekaa Pwani miaka mingi, akakubali. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo hata mama yangu hakuweza kuwaeleza majirani.

Nitaeleza mimi, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Mtu anayeshuka chini ya bahari hubeba mgongoni vitu vitatu. Kuna bamba, kipande cha chuma kisichoshika kutu, kimekunjwa kidogo kufuata uti wa mgongo, na mikanda ya kuvaa imepitishwa humo. Kuna bawa, yaani mfuko wa hewa unaokaa nyuma ya bamba. Ukiujaza unakuinua, ukiupunguza unashuka. Halafu kuna mtungi wenye hewa ya kupumua. Mtungi hukaa katika kishikizo chake cha mikanda, na kishikizo hicho kina bolti mbili, moja juu na moja chini. Bolti hizo hupenya bawa, zikapenya bamba, zikafungwa kwa nati upande wa mgongo wa mtu. Basi. Kila kitu kinachomweka mtu hai huko chini kimeshikwa na nati mbili asizoweza kuziona wala kuzifikia akishavaa.

Mambo yalianza pale mwenye kituo aliponunua vyombo vya kituo kingine kilichokuwa kikifungwa. Vililetwa katika masanduku manne ya plastiki: mabamba, mabawa, vishikizo, vyote vimechanganywa. Vingine vilikuwa vya Ulaya, vingine vya Amerika, na bamba moja lilikuwa limechongwa na fundi wa hapa hapa Kenya, linaonekana kwa pembe zake. Mwenye kituo alisema tutoe seti nyingi iwezekanavyo.

Kaka wa Likoni alifungua sanduku la kwanza, akatazama, akalifunga. Alikuwa amefiwa na shangazi yake na alikuwa akienda kwao kwa siku tatu. Aliniambia mlangoni, mkoba begani:

"Dada, usifunge kitu mpaka nirudi. Wewe panga tu. Bamba na bamba, bawa na bawa. Tutafunga pamoja."

"Sawa kaka."

Nilipanga siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nimemaliza kupanga, na stoo ilikuwa kimya, nami nilikuwa nimeshakaa kazini miaka sita. Nataka nieleze hili bila kujipamba: hakuna aliyenisukuma. Mwenye kituo hakuwa ameuliza chochote. Nilitaka tu kaka arudi akute seti zimesimama ukutani, aseme, "Mashallah, dada."

Nikachukua utepe wa kupimia. Tundu la juu na tundu la chini la bamba huachana sentimita ishirini na nane, na karibu wote wanaotengeneza vitu hivi hufuata kipimo hicho. Nilipima kila bamba, nikapima kila bawa, nikapima bolti za kila kishikizo. Lile bamba la kuchongwa lilikuwa limepungukiwa kidogo, nikaliweka kando, tena nikajisifu kwa kuliona. Yaliyobaki yote yalilingana. Niliviweka pamoja, bawa juu ya bolti, bamba juu ya bawa, na bolti zikajitokeza katika matundu yake kama zilizaliwa pamoja.

Nati za vile vishikizo hazikuwemo masandukuni. Lakini stoo yetu ilikuwa na kopo, kopo la maziwa ya unga la zamani, lililojaa nati za chuma kizuri. Nikachota humo.

Seti ya kwanza, ya pili, ya tatu, nati ziliingia kwa vidole mpaka mwisho. Ya nne iliingia mizunguko miwili ikakataa. Nikadhani ni chumvi. Nikatia mafuta. Ikaenda nusu mzunguko, ikakataa tena. Nikachukua spana. Ililia, mlio mwembamba wa chuma juu ya chuma, na nikaendelea kuvuta mpaka spana haikwenda tena. Nikafanya vivyo hivyo kwa ya chini. Kisha nikafunga mtungi kwenye kishikizo, nikautikisa kwa nguvu zangu zote, na seti nzima ilitikisika pamoja kama kitu kimoja. Nakumbuka nilifurahi. Katika seti zote, ile ndiyo niliyoiona imara zaidi.

Kaka aliporudi hakusema mashallah. Alinitazama, akasema, "Nilikwambia ungoje." Lakini alikuwa na majonzi ya msiba, na wageni walikuwa njiani. Alizikagua kwa macho, akapima matundu mawili matatu kwa kiganja chake, akaziacha.

Wiki ile alishuka siku tatu mfululizo na wageni wawili waliotaka sehemu za kina. Siku ya tatu seti yake mwenyewe ilikuwa na bawa linalovuja, akachukua mojawapo ya zile mpya. Ilikuwa ile ya nne.

Yaliyotokea chini niliyasikia kutoka kwake baadaye, na kutoka kwa wale wageni. Walikuwa kwenye mita thelathini. Alisikia kitu kikigonga mgongoni, akadhani mtungi umegusa jiwe. Kisha nati ya chini ikaachia, na alipogeuka kutazama, ya juu nayo ikaachia. Mtungi na bawa vilitoka mgongoni mwake pamoja, vikabaki vimeunganishwa naye kwa mpira wa kupumulia tu, ule ulio mdomoni. Bamba lilibaki mgongoni, na mkanda wake wa uzito, wenye vipande vya risasi, kiunoni. Yeye alikuwa akivutwa chini, na bawa lenye hewa lilikuwa likivutwa juu.

Aliukumbatia mtungi. Hakuwa na la kufanya jingine. Angeuachia, angezama bila hewa. Na bawa, lilipoanza kupanda, hewa iliyo ndani yake ikatanuka, likapanda kwa kasi zaidi, naye hakuweza kufikia kamba ya kulitoa pumzi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika. Alipumua nje njia nzima, kama anavyofundisha watu. Hilo ndilo lililookoa mapafu yake. Lakini kutoka mita thelathini, siku ya tatu mfululizo, mwili hautakiwi kupanda hivyo; hewa iliyojikusanya damuni hugeuka mapovu.

Alifika juu akiwa mzima. Hilo ndilo lililonihadaa. Nilikuwa ufukweni mashua ilipofika, na alishuka kwa miguu yake, akacheka, akasema, "Leo nimebeba mtungi kama mtoto mchanga." Nilimpa maji. Akakaa juu ya sanduku. Baada ya muda akaniambia, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie:

"Dada, hebu nifinye hapa."

Alionyesha paja lake. Nikafinya.

"Finya kweli."

"Nafinya, kaka."

Akatazama mkono wangu juu ya paja lake. Alipotaka kusimama hakuweza.

Walimpeleka kwenye kile chumba cha chuma cha kutibia wapiga mbizi, ambamo mtu hufungiwa na kushinikizwa hewa kana kwamba amerudishwa chini, kisha akapandishwa polepole kwa saa nyingi. Alifungiwa mara nyingi. Mguu wa kulia ulirudi. Wa kushoto ulirudi nusu.

Nilianza kwenda Likoni kila Jumapili baada ya kanisa. Nilivuka feri na mapapai au machungwa ndani ya kikapu. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alinipokea vizuri kupita kiasi. Aliniita wifi, akanipikia, akaniambia hakuna mtu mwingine wa kazini anayekuja mara kwa mara hivyo. Nilikaa nikamtazama akimwinua mumewe kwa makwapa na kumpeleka msalani, hatua kwa hatua, huku akimhesabia kama anavyowahesabia watoto wake darasani. Mimi ndiye niliyefunga ile seti. Hilo wote walilijua na hakuna aliyelisema. Ilisemwa kwamba vyombo vilikuwa vikuukuu. Mwenye kituo alikuwa ameandika hivyo katika ripoti yake: uchakavu. Nami nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika nguzo.

Lakini nilikuwa nimesikia ile nati ikilia.

Seti ilikuwa imefungiwa ndani ya gunia kwenye kona ya stoo. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kulifungua. Nati moja ilikuwa imenasa ndani ya mto mdogo wa sponji unaokaa kati ya bamba na mgongo, na meno yake ya ndani yalikuwa yamelika, yanang'aa. Nikafungua bolti moja kwenye kishikizo, nikavifunga vyote viwili katika leso, nikaenda navyo Chaani. Kule kuna fundi wa kuchonga vyuma ambaye marehemu baba yangu alifanya naye kazi. Ni mzee sasa, lakini karakana yake bado inanguruma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikampa leso. Hakuniuliza ni vya nini. Akafungua droo, akatoa kipimo cha meno, kitu kama kisu cha kukunja chenye majani mengi membamba ya chuma, kila jani lina meno yake. Akaweka jani moja juu ya bolti. Halikukaa. Akaweka jingine, likakaa kimya, bila mwanga kupita kati yake.

"Bolti ni ya inchi," akasema.

Kisha akachukua nati, akaitazama kwa tochi ya simu, akatafuta katika mabaki yake bolti nyingine, akaizungusha humo kwa kidole pale ambapo meno yalikuwa bado yamesalia.

"Nati ni ya milimita. Hii ni nane, na ile ni inchi ya Kimarekani, tano kwa kumi na sita. Ukiziweka mkononi huwezi kuzitofautisha. Inaingia mizunguko miwili, halafu inakataa. Mtu asiyejua akilazimisha, inapanda juu ya meno, inayakata, inakwama. Utafikiri imefungwa." Akazima tochi. "Aliyefunga hii alikuwa na mkono wa nguvu. Nani huyo?"

"Ni mimi."

Mzee yule akanitazama. Aliirudisha bolti ndani ya leso na nati pembeni yake, akafunga fundo, akaniwekea mkononi, na mkono wake ukabaki juu ya wangu kwa muda.

Nilipima matundu, sikupima meno. Nilirudi nalo hilo kichwani njia nzima. Kesho yake niliondoa kazini seti zote zilizotoka katika yale masanduku, kisha nikaenda kwa mwenye kituo nikamwambia.

Alikuwa nyuma ya meza yake. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakukasirika, jambo lililonipa taabu zaidi.

"Ripoti ilishaenda," akasema. "Imeandikwa uchakavu, na matibabu yake yanaendelea. Ukianza kusema kitu kingine sasa, utakuwa umemsaidia nani?"

"Yeye, mama."

"Atatembea vizuri zaidi akijua?"

Nilijua tu kwamba sitaweza kupokea sahani nyingine ya wali kutoka kwa mkono wa yule mwanamke. Ilinichukua Jumapili mbili bado kupata ujasiri, na Jumapili hizo mbili sikwenda Likoni, nikasingizia homa.

Nilipokwenda sikubeba kikapu. Walikuwa sebuleni. Yeye alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu wa kushoto umewekwa juu ya stuli, na mkewe alikuwa chini kwenye jamvi akikata herufi za karatasi za darasa lake. Nikakataa maji. Nikasema nikiwa nimesimama:

"Kaka, kile kilichofunguka nilikifunga mimi."

"Najua ulikifunga wewe. Nani mwengine afungaye pale?"

"Hukunielewa. Nilikifunga vibaya. Ile nati haikuwa ya bolti ile. Ilikuwa inakataa, nami niliilazimisha kwa spana."

Mkasi wa mkewe ulisimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaweka mkasi chini, akaweka na karatasi, akazipanga vizuri kwanza.

"Miezi mitatu waingia nyumba hii," akasema. "Nakupikia. Wanitazama nikimbeba mume wangu msalani. Na hili ulikuwa nalo."

"Nimejua juzi tu, wifi. Nimeambiwa na fundi wiki mbili zilizopita."

"Hapana. Ulijua siku ile ulipoilazimisha."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema kwa utaratibu, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi. Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kaka alinyoosha mkono. "Umekuja navyo?"

Nikampa leso. Akavaa miwani yake, akaishika nati dirishani, akaigeuza na kuigeuza.

"Niliutikisa ule mtungi," akasema. "Asubuhi ile, kabla hatujashuka. Niliushika kwa juu nikautikisa, nikaona umekaza."

"Na mimi niliutikisa, kaka. Ulikuwa umekaza."

"Haukukaza, dada. Ulikwama." Akavua miwani. "Nenda nyumbani sasa. Usije Jumapili. Mwache kwanza."

Sikwenda Jumapili ile, wala zilizofuata. Niliendelea na kazi kwa sababu sikujua kazi nyingine, lakini kila nati niliyoigusa niliifungua tena na kuifunga tena, na bado nilikuwa nikirudi kuitazama. Nilikonda. Mama yangu alidhani nina ugonjwa ninaoficha.

Siku moja nikianika suti, maana msichana wa pipa alikuwa na ruhusa, simu yangu iliingia ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya kaka.

"Dada. Salamu alaikum. Nimekaa nawaza. Zile seti nyengine za masandukuni, nani azivaa sasa? Nijibu leo hii, usingoje."

Nikamjibu kwamba nilizitoa zote siku ile ile niliyotoka Chaani. Haukupita muda ukaja mwingine, na safari hii alikuwa akisema polepole.

"Alhamdulillahi. Sasa nisikilize. Zile za zamani je? Zile tulizokuwa nazo kabla? Nati zake zatoka wapi?"

Nilisimama pale na suti iliyolowa begani. Kopo lilikuwa stoo tangu kabla sijafika. Kila nati iliyopotea kwa miaka yote ile ilifidiwa kutoka humo, na kila nati iliyookotwa ilirudishwa humo.

Ujumbe wa tatu ukaja wenyewe.

"Kopo lile ni langu, dada. Nililianza mimi. Kila kitu cha kung'aa nilichokiona nilikitia humo, cha mashua, cha mtambo wa hewa, sikuuliza. Wallahi nimekaa hapa miezi nadhani ni wewe."

Alikuja siku ya pili yake, kwa fimbo. Mkewe alimleta mwenyewe. Alichukua ruhusa shuleni, akavuka naye feri, akamshika kiwiko kutoka barabarani mpaka mlango wa stoo. Akanisalimia, "Hujambo," na hakuongeza neno. Akakaa kwenye benchi la nje, mkoba magotini, mahali ambapo angeweza kutuona.

Tulikaa siku tatu. Nilikuwa nimerudi Chaani kuazima kile kipimo cha meno, na mzee alinipa bila kuuliza nitakirudisha lini. Tulitandika turubai sakafuni tukafungua kila seti ya kituo kile, za zamani na mpya, mpaka hapakubaki kitu kilichoshikana na kingine. Mabamba upande huu, mabawa upande ule, vishikizo katikati, bolti na nati zimewekwa juu ya kitambaa cheupe. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, mimi nimepiga magoti, nampa bolti, anaweka jani la kipimo, anasema "inchi" au anasema "milimita", nami nachora alama kwa rangi, nyekundu au buluu. Mabawa mengine yalikuwa na matundu mapana yaliyoruhusu bamba kuteleza, tuliyakataa. Vishikizo viwili vilikuwa na bolti fupi, zilizotokeza upande wa pili wa bamba kwa meno mawili tu pale bawa lilipokuwa nene, tulivikataa. Lile bamba la kuchongwa alilishika muda mrefu, akasema aliyelichonga alikuwa fundi mzuri na hakuambiwa kipimo.

Alasiri ya siku ya pili nilimpa bolti kutoka seti ya zamani, iliyokuwa na bawa la buluu. Akaweka jani. Akaweka jingine. Akachukua nati iliyotoka nayo, akaitazama, akaiweka pajani mwake, kwenye lile paja la kushoto.

"Hii nimeifunga mimi," akasema. "Miaka iliyopita. Yakumbuka hii?"

Nilikumbuka. Ilikuwa seti ndogo. Tulikuwa tukiwavalisha watu wa maumbo madogo. Aliivaa bibi harusi mmoja, waliivaa watoto wa shule waliokuja na wageni, aliivaa binti wa mwenye kituo kila likizo. Meno ya nati yake yalikuwa yameliwa karibu yote, na mpaka siku ile ilikuwa bado inashika, hatujui kwa nini.

Aliegemea kiti akafumba macho. Nilisikia benchi la nje likilia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Akaingia kwa mara ya kwanza, akaokota ile nati kutoka pajani pa mumewe, akaitazama kitambo, kitu kidogo vile, kisha akaniuliza mimi, si yeye:

"Mwapimaje?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti upande wa pili wa turubai, na kuanzia hapo alipima pamoja nasi. Ana macho makali kutushinda sote; amezoea kuona kosa la mtoto kutoka mwisho wa darasa. Sijui kama amenisamehe. Hunisalimia, na siku za sikukuu huniletea chakula, lakini hajawahi tena kunikaribisha nyumbani, nami sijawahi kuuliza.

Mwenye kituo tulimwita siku ya tatu, tukampeleka kwenye turubai. Tulimwonyesha seti ya bawa la buluu na kumwambia ilivaliwa na nani. Aliomba kiti. Baada ya hapo aliandika ripoti nyingine, na lile neno uchakavu halikuwemo.

Kopo tulilimimina lote kwenye chuma chakavu. Sasa kila kishikizo kina nati zake zilizofungwa nacho kwa waya, na hakuna nati inayokaa peke yake pale stoo. Kaka hatashuka tena. Daktari amesema hivyo na mwili wake umesema hivyo. Anajaza mitungi kwenye mtambo wa hewa, na anafundisha darasani, akiwa amekaa.

Lakini kabla ya kuruhusu seti yoyote irudi baharini aliweka sharti moja, na lilikuwa juu yangu. Mpaka siku hiyo sikuwahi kushuka. Mtu wa stoo huwa hashuki. Tena mimi nilikuwa nikiogopa, na kuogelea kwenyewe nilijifunzia ukubwani, ndani ya bwawa la hoteli jirani.

"Utakachokifunga, uwe wa kwanza kukivaa," akasema. "Si kina kirefu. Hapo upande wa ndani wa mwamba tu, kwenye maji ya kifua. Lakini ukivae wewe."

Alinifundisha wiki nne kutoka kando ya bwawa, akinyoosha fimbo yake kuonyesha nishike wapi. Siku ya kwenda baharini nilifunga seti mbele ya macho yake. Nilipomaliza, alimwita kijana wa mashua aishike, akaifungua yote tena mwenyewe, nati kwa nati, akaipima, akaifunga. Hakunitaka radhi na sikuhitaji. Mpiga mbizi mpya, mwanamke wa Changamwe, alinishika mkono tukaingia.

Tulipochuchumaa na maji yakapita kichwa, uzito wote wa mgongoni uliondoka. Nilisikia pumzi yangu ikienda na kurudi. Chini kulikuwa na majani ya bahari na mchanga, na samaki wadogo wenye mistari walikuja mpaka kwenye miwani. Tulikaa muda wa robo saa hivi. Tulipotoka kaka alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, suruali imelowa, fimbo imezama mchangani, jambo ambalo mkewe alikuwa amemkataza.

Alinisaidia kuvua mikanda.

"Umeona nini?" akauliza.

"Sikuona mengi, kaka. Nilikuwa nasikiliza mgongo."

Akatikisa kichwa kukubali, akaushika mtungi kwa juu, na tukaanza kuubeba pamoja kuelekea nchi kavu, polepole, kwa mwendo wa mguu wake.